Nani alipie umbali? Mahindi ya Ufipa na itikadi zinazohama

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA mjini Sumbawanga kati ya Juni na Agosti, utakutana na mambo mawili: upepo wa baridi unaovuma kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, na mahindi. Yapo kwenye mikokoteni ya ng'ombe, kwenye baiskeli, kwenye maroli yanayosubiri kujaa kabla ya kushika barabara ya Tunduma. Mkulima anayetoka Laela, Matai au Namanyere katika siku hizo huuliza maswali mawili tu. Gunia leo ni shilingi ngapi? Na je, serikali imeanza kununua?

Maswali hayo yanaonekana ya sokoni, lakini ukiyachunguza utaona ni ya kisiasa. Linalofichwa ndani yake ni hili: kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100, na lazima awepo mtu wa kulipia umbali huo. Ama atalipa mkulima kwa kupokea bei ndogo, ama atalipa mlaji wa mjini kwa kununua unga kwa bei kubwa, ama italipa serikali kwa fedha za walipa kodi. Hakuna mlango wa nne.

Kwa muda mrefu tumezoea kufikiri kwamba jibu la swali hilo linatokana na itikadi ya chama kilichoko madarakani. Wajamaa watambeba mkulima, wa soko huria watamwacha apambane. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba historia ya Rukwa haiendi hivyo, na kwamba mpiga kura anayetazama rangi ya bendera bila kuuliza nani analipia umbali anaweza kupata asichokitarajia.

Enzi ya bei moja

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, Ufipa ilikuwa mbali na kila kitu. Wakulima wake walijulikana kwa matuta ya nyasi yaitwayo intumba, ambamo majani hufukiwa yaoze na kurutubisha udongo, na ulezi ulikuwa na heshima kubwa kuliko mahindi. Barabara zilikuwa za vumbi, na masika zilikuwa za tope.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo katika miaka ya 1970. Kwanza ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo kutoka China na kukabidhiwa mwaka 1976, ambayo ilipita Tunduma na kusogeza Dar es Salaam karibu kidogo. Pili ni uamuzi wa serikali, katikati ya miaka hiyo, wa kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo wengi walilifahamu kwa herufi zake tatu, NMC. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, na haukuchukua muda kuingia katika kundi la mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mbolea ya ruzuku na mbegu bora zilifuata.

Ili kuelewa maana ya bei moja, tuchukue mfano wa hesabu. Takwimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa Sh80,000 Dar es Salaam. Kulitoa Kilosa, mkoani Morogoro, kunagharimu Sh15,000 kwa usafiri, upakiaji na ushuru. Kulitoa Laela kunagharimu Sh35,000. Katika soko huria mkulima wa Kilosa atabaki na Sh65,000 na wa Laela Sh45,000. Wamelima kwa jasho lile lile, lakini tofauti yao ni Sh20,000 kwa gunia. Kwa ekari inayotoa magunia 15, hiyo ni Sh300,000.

Sasa serikali inaweka bei moja ya Sh55,000 kwa wote. Mkulima wa Laela amepata nyongeza ya Sh10,000 na wa Kilosa amepoteza kiasi hicho hicho. Shirika linapata faida ya Sh10,000 kwenye gunia la Kilosa na hasara ya Sh10,000 kwenye gunia la Laela. Kwenye karatasi mambo yanalingana. Aliye karibu anambeba aliye mbali, na huo ndio ujamaa wenyewe.

Tatizo ni kwamba mkulima wa Kilosa naye anajua hesabu. Akimpata mlanguzi wa kumlipa Sh65,000 usiku, hapeleki gunia NMC mchana. Matokeo yake shirika linabaki na magunia ya Laela peke yake, yaani yale yanayolitia hasara. Kadiri Rukwa na Ruvuma zilivyozalisha zaidi, ndivyo shirika lilivyozidi kuzama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Madeni ya NMC benki yalizidi kukua. Wakulima wa mikoa ya mbali walikopwa mahindi yao na kusubiri malipo kwa miezi. Mengine yaliozea maghalani kwa kukosa maroli, mafuta na vipuri, wakati huo huo miji ikila unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza jina la Yanga. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea mkulima, vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini vikiwa dhaifu.

Ili kuziba mianya, mkono wa dola ukaingia barabarani. Mtu hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine bila kibali. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi hicho kikaondolewa. Kwa hiyo ujamaa ule ule uliomlipia mkulima wa Ufipa umbali ndio uliomfungia njia. Wazee wa Rukwa wanaoukumbuka kwa hamu na wale wanaoukumbuka kwa uchungu wote wana haki.

Mageuzi kabla ya vyama vingi

Wengi hudhani soko huria lililetwa na vyama vingi. Si kweli. Lililetwa na chama kile kile kilichoandika Azimio. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, tukasaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei moja ilikuwa imekufa, ruzuku ya mbolea inaondolewa hatua kwa hatua, na wafanyabiashara binafsi wameruhusiwa kununua nafaka. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi yaliyokuwemo katika Azimio la Arusha. Mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi Julai 1, 1992.

Hakuna mkulima wa Ufipa aliyepigia kura mabadiliko hayo. Aliyaona kwenye bei ya mfuko wa mbolea, na aliyaona pale mnunuzi wa serikali alipoacha kufika kijijini. Kilosa walifurahia, kwa sababu bei yao ilipanda. Laela walirudi kwenye hesabu ya Sh45,000.

Ajabu ni kwamba majina hayakubadilika. Chama kiliendelea na jembe na nyundo kwenye bendera yake ya kijani, na ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 hadi leo inaitaja nchi kuwa ya kijamaa.

Mwaka 2015: kila mtu na kofia ya mwenzake

Katika chaguzi za kwanza za vyama vingi itikadi haikuwa hoja kubwa. Mwaka 1995 Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata asilimia 27.8 akiwa mtu aliyetoka serikalini na kuhubiri vita dhidi ya rushwa. Benjamin Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8, na aliendelea na ubinafsishaji ambao ungewashangaza waasisi wa TANU. Jakaya Kikwete naye alishinda mara mbili. Katika kipindi chake ilikuja kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, Waziri Mkuu akiwa Mizengo Pinda, aliyejiita mtoto wa mkulima na ambaye jimbo lake lilikuwa Rukwa kabla ya mkoa wa Katavi kumegwa mwaka 2012.

Lakini uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulikuwa wa aina yake. CHADEMA ilianzishwa mwaka 1992 na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ambaye alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF. Kilikuwa chama cha mrengo wa kulia, kikajijenga kwa hoja ya ufisadi. Julai 2015 kilimpokea Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa CCM hadi alipojiuzulu mwaka 2008 kwa kashfa ya Richmond, na kumfanya mgombea wa muungano wa UKAWA. Dk. Willibrod Slaa akaondoka CHADEMA. Profesa Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF.

Upande wa pili CCM ilimsimamisha Dk. John Magufuli, waziri wa ujenzi aliyefahamika kwa barabara kuliko kwa nadharia. Na ACT-Wazalendo, chama kichanga cha Zitto Kabwe, kilitoa Azimio la Tabora Juni 2015 kikitaka kuhuisha lile la Arusha kwa kuita itikadi yake ujamaa wa kidemokrasia. Kilimsimamisha Anna Mghwira, mwanamke pekee katika kinyang'anyiro cha urais mwaka huo.

Matokeo yanafahamika. Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97, Mghwira 0.65. Aliyesimama waziwazi na Azimio mkononi hakufikisha hata asilimia moja.

Kisha mambo yakageuka. Magufuli, ambaye hakuomba kura kwa jina la ujamaa, alitawala kwa vitendo vilivyowakumbusha wengi miaka ya 1970: shirika la ndege likafufuliwa, sheria za madini zikabanwa mwaka 2017, bwawa kubwa la umeme likaanza kujengwa Rufiji. Novemba 2018 serikali ilinunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuibeba. Mghwira alikubali kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2017. Dk. Slaa akawa balozi. Lowassa akarudi CCM Machi 2019. Mpiga kura aliyelala usingizi mwaka 2014 na kuamka 2019 asingejua nani ni nani.

Mkulima wa mahindi alipata nini?

Hapa ndipo hesabu ya umbali inaporudi. Kwa upande mmoja, serikali ya Magufuli ilimpunguzia mkulima mzigo. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mbolea ikaanza kuagizwa kwa pamoja na kuuzwa kwa bei elekezi.

Kwa upande mwingine, Juni 2017 ilipigwa marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi bila kibali. Lengo lilikuwa kulinda chakula cha taifa baada ya msimu uliotangulia kuwa mbaya. Kwa mlaji wa mjini hiyo ilikuwa habari njema. Kwa Rukwa ilikuwa pigo, kwa sababu ya ramani. Mkulima wa Ufipa yuko mbali na Dar es Salaam, lakini yuko jirani na Zambia kwa njia ya Tunduma na Kasesya, na ana Congo na Burundi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa njia ya bandari ya Kasanga. Huko ndiko umbali wake unakokuwa mfupi. Ukifunga mpaka umemrudisha kwenye soko moja lililo mbali, tena katika mwaka wa mavuno mazuri. Bei zilianguka. Marufuku iliondolewa baadaye, lakini mkulima aliyekwisha kuuza kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya shule hakurudishiwa kitu.

Linganisha na lile la kilo 30. Miaka ya 1970 serikali ilifunga njia lakini ilinunua kwa bei moja. Mwaka 2017 ilifunga njia, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008, haukuwa na uwezo wa kununua mahindi yote yaliyokuwepo. Mkulima alibeba ujamaa bila kupewa faida zake.

Na sasa tazama barabara. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zipatazo 224, ambayo imepunguza gharama ya kila gunia bila mtu kutangaza bei, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa Changamoto za Milenia. Mkataba wake ulisainiwa Februari 2008 kati ya Rais Kikwete na Rais George Bush. Reli imetoka kwa Wachina wa Mao na lami kwa Wamarekani wa Bush. Gunia halikuuliza itikadi ya mfadhili.

Nyumbani kwa mahindi nako ni vivyo hivyo

Asije mtu akadhani kuchanganyika huku ni kasoro yetu Watanzania. Mahindi asili yake ni Mexico, na huko nako siasa zake zimepita njia inayofanana. Rais Lázaro Cárdenas, aliyetawala kati ya 1934 na 1940, aligawa mamilioni ya hekta kwa vijiji vya wakulima na kutaifisha mafuta mwaka 1938. Baadaye shirika la umma, CONASUPO, lilinunua mahindi kwa bei ya uhakika kwa miongo kadhaa. Kisha chama kile kile kilichojiita cha mapinduzi, PRI, kikaruhusu mwaka 1992 ardhi ya vijiji iuzwe, kikaingia soko la pamoja na Marekani na Kanada mwaka 1994, na mwaka 1999 CONASUPO ikafungwa. NMC yao nayo ilikufa.

Mwaka 2006 mgombea wa mrengo wa kushoto, Andrés Manuel López Obrador, alishindwa na Felipe Calderón wa mrengo wa kulia kwa asilimia 35.31 dhidi ya 35.89. Wafuasi wake walikaa barabarani kwa wiki nyingi wakidai kura zihesabiwe upya. Lakini Januari 2007, Calderón akiwa na mwezi mmoja tu Ikulu, bei ya chapati za mahindi ziitwazo tortilla ilipanda na watu wakaandamana. Rais huyo wa soko huria alikaa na wenye viwanda na kukubaliana ukomo wa bei wa peso 8.50 kwa kilo.

López Obrador alishinda mwaka 2018 kwa takriban asilimia 53, akiwa ameungana na chama kidogo cha wahafidhina wa kidini. Chama chake cha zamani cha mrengo wa kushoto, PRD, kilikuwa kimeungana na chama cha Calderón dhidi yake. Akiwa Ikulu alirudisha bei ya uhakika, peso 5,610 kwa tani, kwa wakulima wadogo wasiozidi hekta 5. Wakati huo huo alibana matumizi ya serikali kwa ukali ambao IMF wangeupigia makofi, na shirika jipya la chakula, Segalmex, likakumbwa na kashfa kubwa ya wizi wa fedha za umma. Hata hivyo mrithi wake, Claudia Sheinbaum, alishinda mwaka 2024 kwa karibu asilimia 60.

Kuna somo moja la kuchukua hapo. Bei ya uhakika ya Mexico ililenga wenye mashamba madogo tu na kiasi cha tani kilichowekewa ukomo. Haikuahidi kununua kila punje. NMC ilianguka kwa sababu iliahidi kila kitu kwa kila mtu, kisha ikashindwa kulipa. Na Segalmex inaonyesha kwamba hata mpango wenye mipaka unahitaji walinzi wa fedha, la sivyo panya wa ghalani atakula kabla ya mkulima.

Maswali ya kumuuliza mgombea

Katika miaka ya karibuni ruzuku ya mbolea imerudi, ikizinduliwa upya siku ya Nanenane jijini Mbeya mwaka 2022 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. NFRA nayo inaendelea kununua, na kila msimu bei yake husubiriwa Rukwa kama mvua za kwanza. Serikali, kwa maneno mengine, imerudi kulipia sehemu ya umbali, ingawa hakuna anayeuita ujamaa.

Hilo ni jema, lakini linahitaji mjadala, na mjadala unahitaji uwanja. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 vyama viwili vikubwa vya upinzani, CHADEMA na ACT-Wazalendo, havikuwa na mgombea kwenye karatasi ya kura ya urais wa Muungano, na siku ile iliishia katika vurugu na vifo. Pasipo washindani, mkulima hana wa kumlinganisha na mwingine, na ahadi haina wa kuipima. Tukumbuke ilani ya mwaka 2015 iliyoahidi Sh50 milioni kwa kila kijiji. Fedha hizo hazikufika vijijini kama zilivyotangazwa.

Kwa hiyo, mgombea wa ngazi yoyote atakapopanda jukwaani Laela au Namanyere, awe wa jembe na nyundo, wa vidole viwili au wa rangi ya zambarau, wakulima wasimuulize kama ni mjamaa. Wamuulize haya:

Mosi, NFRA itanunua tani ngapi Rukwa msimu huu, na fedha hizo zimeshatengwa au ni maneno? Bei nzuri ambayo ghala limejaa na mizani imefungwa ni bei ya gazetini tu.

Pili, mkulima atalipwa baada ya siku ngapi? Wazee wanajua maana ya kukopwa.

Tatu, mpaka utabaki wazi? Na ikibidi kufungwa kwa ajili ya njaa sehemu nyingine ya nchi, nani atamfidia mkulima tofauti ya bei? Kama taifa linataka mahindi ya Ufipa yabaki nyumbani, taifa ndilo lilipie, si familia ya Matai.

Nne, barabara za kutoka kijijini hadi kwenye lami zitapitika Machi? Gharama kubwa ya gunia huanza kabla halijafika barabara kuu.

Tano, chama cha ushirika cha hapa kitakaguliwa na nani, na wanachama watasomewa hesabu lini?

Mgombea anayeweza kujibu matano hayo kwa tarakimu, mkulima ana sababu ya kumsikiliza, awe wa kushoto au wa kulia. Asiyeweza, hata avae fulana yenye picha ya Mwalimu, amekuja kuomba kura na kuondoka. Roli litakapopakiwa Julai ijayo, umbali wa kwenda Dar es Salaam utakuwa ule ule, na kama hakuna aliyeahidi kwa tarakimu kuulipia, atakayeulipa ni yule yule aliyelima.